Sura ya 6: Upepo Utoke kwa Kipimo

Ninunue kifaa gani cha kutolea upepo wa matairi nikiiacha lami? Swali hili humjia mtu aliyenunua gari lake la kwanza la 4x4, yaani gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, kisha akaingia duka la vifaa vya safari jijini Brussels. Ukutani vimetundikwa vitu vya kila namna: vipande vya shaba visivyozidi urefu wa kidole, geji zenye mpira na uso wa mshale, mipira minne iliyounganishwa pamoja, na visanduku vya umeme vyenye kioo cha namba. Bei zimeachana sana. Muuzaji atasema vyote ni vizuri, na hatakuwa amedanganya, kwa kuwa kila kimoja kinatoa upepo. Hata njiti ya kiberiti inatoa upepo.

Na hapo ndipo ilipo hoja ya sura hii. Kutoa upepo ni kazi nyepesi kuliko zote zinazohusu tairi. Upepo wenyewe unataka kutoka. Kazi ngumu ni mbili: kujua kiasi gani kimebaki ndani, na kukirudisha kilichotoka kabla hujaikanyaga lami tena kwa mwendo wa kasi. Kwa hiyo fedha ziende kwanza kwenye geji, pili kwenye pampu, na kifaa cha kutolea upepo kinunuliwe kwa kinachosalia. Wapo wanaoupinga mpangilio huu, tena kwa sababu za maana, nao watajibiwa hapo mbele.

## Brussels inahusikaje

Ubelgiji si nchi ya kuiacha barabara utakavyo. Msitu wa Soignes, unaoanzia pembezoni mwa Brussels, ni wa waenda kwa miguu, baiskeli na farasi. Na sheria ya misitu ya Wallonia ya mwaka 2008 inayazuia magari yasiingie porini nje ya barabara zilizoruhusiwa. Anayetaka tope hulipia kiwanja cha mtu binafsi. Anayetaka mchanga hushika njia ya Hispania, akavuka bahari hadi Morocco. Lakini Brussels ni mmoja wa milango mikubwa ambayo magari ya Ulaya yaliyotumika hupitia kwenda Afrika. Katika mtaa wa Heyvaert, mpakani mwa Anderlecht na Molenbeek, biashara hiyo imeendeshwa kwa miongo kadhaa, na magari hupelekwa bandari ya Antwerp kupakiwa melini. Tangu 2018 jiji lina utaratibu wa kuyazuia magari yenye moshi mchafu, na kuanzia 2022 magari ya dizeli ya kiwango cha Euro 4 yalifungiwa nje. (Euro 4 ni daraja la usafi wa moshi lililotumika kwa magari mapya kuanzia katikati ya miaka ya 2000.) Miongoni mwa magari hayo zimo 4x4 nyingi zenye injini imara, ambazo mkazi wa Brussels hawezi tena kuzitumia mjini lakini mnunuzi wa mbali anazitamani.

Mnunuzi huyo ni nani? Usukani wa gari la Ubelgiji uko kushoto. Kenya, Tanzania na Uganda huendesha upande wa kushoto wa barabara na kutumia usukani wa kulia, kwa hiyo gari la Brussels haliwafai. Kongo, Rwanda na Burundi huendesha kulia. Ndiyo maana msomaji anayefikiriwa zaidi hapa ni msemaji wa Kiswahili mwenye asili ya Goma, Bukavu, Bujumbura au Lubumbashi, anayeishi Brussels, anayenunua gari leo na atakayelikuta baadaye kwenye mawe ya volkano, kwenye tope la Kivu au kwenye vumbi la Katanga. Anayelipeleka gari lake Morocco kwa likizo ya wiki mbili naye ana lake la kupata, ila matatizo yake ni mepesi zaidi.

## Kwa nini upepo upunguzwe

Chukua gari la kilo 2,400. Likisimama sawa, kila gurudumu linabeba kilo 600 hivi. Tairi lenye bar 2.2 huisukuma ardhi kwa nguvu ya kilo 2.2 hivi kwa kila sentimita moja ya mraba (bar ndicho kipimo cha mgandamizo wa upepo kinachotumika Ulaya), kwa hiyo ili kubeba kilo 600 linahitaji kugusa ardhi kwa eneo la sentimita za mraba kama 270. Shusha hadi bar 1.1 na eneo hilo linakaribia 540. Ni makadirio, maana ubavu wa tairi nao hubeba sehemu ya mzigo, lakini mwelekeo wake ni wa kweli: nusu ya upepo ni karibu mara mbili ya mguso. Mguso huo huongezeka zaidi kwa urefu kuliko upana, na gurudumu hupita juu ya mchanga badala ya kujichimbia, kama unyayo wa ngamia unavyotanuka anapokanyaga.

Maarifa haya si mapya. Ralph Bagnold, afisa wa jeshi la Uingereza aliyevuka jangwa la Libya kwa magari ya Ford katika miaka ya 1920 na 1930, alikuwa miongoni mwa waliofanya kupunguza upepo kuwa desturi ya safari za mchangani, na kikosi alichokiunda nchini Misri mwaka 1940 kikaitumia desturi hiyo vitani. Lori la Kimarekani la DUKW, lililobuniwa mwaka 1942 kwa kwenda majini na nchi kavu, likawa gari la kwanza ambalo dereva angeweza kubadilisha upepo wa matairi akiwa ameketi kitini. Wana wa Brussels nao wana sehemu yao katika historia ya tairi. Camille Jenatzy, mzaliwa wa Schaerbeek, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvuka kilomita 100 kwa saa akiwa ndani ya gari, mwaka 1899, juu ya matairi ya upepo ya Michelin. Na Jacky Ickx, aliyezaliwa Brussels mwaka 1945, alishinda mashindano ya Paris–Dakar ya mwaka 1983 kwa Mercedes-Benz G, gari la aina ile ile ambayo leo utaiona imeegeshwa mbele ya hoteli za Avenue Louise bila chembe ya vumbi.

Viwango vifuatavyo ni vya kuanzia tu, kwa gari la tani mbili hadi mbili na nusu. Gari likiwa na mzigo mzito, ongeza kidogo.

- Lami: fuata kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango au kifuniko cha tangi la mafuta, mara nyingi ni bar 2.2 hadi 2.6.
- Changarawe na barabara ya vumbi yenye mawimbi: bar 1.8 hadi 2.0.
- Mawe: bar 1.5 hadi 1.8.
- Mchanga: bar 1.1 hadi 1.4.
- Umenasa na hutoki: bar 0.8 hadi 1.0, kwa kujinasua tu, kisha ongeza.

Tope nimeliacha nje ya orodha kwa makusudi. Tope jepesi juu ya ardhi ngumu linataka tairi lipenye hadi chini lishike, na huko upepo mdogo unaweza hata kukudhuru. Tope zito lisilo na mwisho linataka tairi lielee. Hakuna namba moja inayofaa yote mawili. Mawe ya Goma nayo yana sheria yake. Mtiririko wa volkano ya Nyiragongo wa 2002 na ule wa 2021 uliacha mawe yenye makali, na ingawa tairi laini huyakumbatia vizuri, ubavu wake unatokeza nje, na ubavu ndio sehemu nyembamba kuliko zote. Pancha ya chini fundi ataiziba kwa robo saa. Ubavu uliochanika hauzibiki.

Kwa ufupi: kati ya bar 1.8 na bar 1.1 kuna dunia nzima ya tofauti, na macho hayaioni. Chini ya bar 1 tairi linaweza kuvuka rimu ukikata kona kwa nguvu. Mwenye kukisia hucheza katika pengo hilo hilo.

## Geji kwanza

Geji ya mshale ina mrija mdogo uliopinda ndani yake, unaojinyoosha upepo unapoingia na kuuvuta mshale. Mfaransa Eugène Bourdon aliupatia hati miliki mwaka 1849 na hadi leo haujapata mrithi wa maana, kwa kuwa hauhitaji betri na unavumilia mtikisiko. Geji za namba nazo ni nzuri na husomeka gizani, ila betri huisha mahali pasipo na duka. Aina zote mbili zinafaa. Jambo linalowapita wanunuzi wengi ni jingine kabisa, nalo ni mwisho wa kipimo.

Watengenezaji wengi hutaja kosa la geji kama asilimia ya kipimo chote, si asilimia ya unachosoma. Geji inayoishia bar 11, yenye kosa la asilimia 2, inaweza kukosea kwa bar 0.22 popote pale mshale ulipo. Ukiwa kwenye lami na bar 2.4, kosa hilo ni la kuvumilika. Ukiwa mchangani na unataka bar 1.1, unaweza kuwa na bar 0.88 na usijue, yaani umeshaingia eneo la tairi kuvuka rimu. Geji inayoishia bar 4, yenye kosa lile lile la asilimia 2, hukosea kwa bar 0.08 tu. Geji kubwa za kuvutia, zile zinazofika 11 au 12, zimetengenezwa kwa ajili ya malori. Kwa kazi yetu ndogo ndiyo bora, na mara nyingi ndiyo nafuu.

Jambo la pili ni vipimo viwili. Ubelgiji husoma bar. Madereva wengi wa Afrika Mashariki na mafundi wao wa pancha husoma PSI, yaani pauni kwa inchi ya mraba, na fundi akisema thelathini na mbili anamaanisha hiyo. Zidisha bar kwa 14.5 upate PSI: bar 2.2 ni 32, bar 1.1 ni 16. Nunua geji yenye mistari yote miwili.

La tatu ni joto na mwinuko. Tairi likipata moto, upepo hupanda kwa takriban bar 0.1 kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi. Ukilipima gari asubuhi ya Januari jijini Brussels kwenye nyuzi 3, kisha likafika mahali penye nyuzi 33, geji itasoma karibu bar 0.3 zaidi bila mtu kuligusa. Mwinuko nao huongeza, kwa sababu geji hupima tofauti kati ya ndani na hewa ya nje, na hewa ya nje hupungua nguvu kadiri unavyopanda. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, nayo Brussels karibu iko usawa huo wa bahari. Tofauti hiyo pekee ni kama bar 0.17. Kwa hiyo gari lililopimwa vizuri Ubelgiji hupimwa upya linakofika, matairi yakiwa yamepoa.

## Vifaa vyenyewe

Kabla ya vifaa, fahamu kwanza kile vinachoshughulikia. Ndani ya valvu, kile kijiti ambacho upepo huingilia, kuna kiini: kipande chembamba chenye springi na pini katikati. Ukibonyeza pini, njia inafunguka. Ukiiachia, springi inaifunga. Umbo hili limedumu tangu miaka ya 1890, kutoka kiwanda cha Schrader cha New York, na ndilo lililo kwenye gari lako. Jinsi lilivyo rahisi kushindwa walionyesha wanaharakati wa mazingira ambao tangu 2022, katika miji kadhaa ya Ulaya, walikuwa wakitia punje ya dengu ndani ya kofia ya valvu za magari makubwa na kurudisha kofia: dengu ikabonyeza pini, tairi likalala chini polepole. Kitendo chenyewe kina mjadala wake, nao si wa kitabu hiki. Ila tujue kwamba punje ya dengu ni kifaa cha kutolea upepo, tena kinafanya kazi.

Kifaa cha kwanza basi ni chochote kinachobonyeza pini: ufunguo, kijiti, ncha ya kofia ya valvu ya chuma. Hakigharimu kitu. Kasoro zake ni mbili: upepo hupita pembeni mwa kiini kwa taratibu, ukahitaji dakika kadhaa kwa kila tairi, na lazima usimamie, ubonyeze, uachie, upime, ubonyeze tena.

Cha pili ni geji yenye kitufe. Unaichomeka kwenye valvu, mshale unasoma. Ukibonyeza kitufe upepo unatoka, ukiachia unasoma tena. Upepo bado unapita kwenye kiini, kwa hiyo kasi si kubwa, lakini kupima na kutoa vimekuwa kitendo kimoja. Hiki ndicho kinachofaa watu wengi kuliko vyote, na ndicho kisichotangazwa sana, labda kwa kuwa hakina kioja cha kuonyesha.

Cha tatu hukitoa kiini chenyewe. Kampuni ya Australia iitwayo ARB ndiyo iliyokifanya kijulikane, na sasa wengi wanakitengeneza. Unakifunga kwenye valvu, unazungusha kitasa hadi kiini kinafunguka na kubaki ndani ya chumba kidogo kisipotee, kisha unavuta pete na upepo unatoka kwa kishindo kupitia tundu lililo wazi. Ni cha haraka kweli; tairi lililochukua dakika nne kwa kijiti hapa linachukua chini ya moja. Lakini geji yake hudanganya upepo unapokuwa mbioni: lazima usukume pete ifunge, usubiri mshale utulie, ndipo usome. Asiyejua hilo hushusha kupita kiasi. Na kiini kikirudishwa kikiwa na chembe ya mchanga, tairi litavuja usiku kucha. Anayetumia kifaa hiki abebe viini vya akiba na kibanio chake. Ni vitu vya bei ndogo mno na vinakaa kwenye kiganja.

Cha nne ni vile vya shaba vinavyojifunga vyenyewe, vinavyojulikana kwa jina la kampuni ya Staun, nayo ya Australia. Ndani mna springi uliyoikaza mapema kwa kiwango unachotaka. Unafunga vinne kwenye matairi manne, unakwenda kupakia mizigo, na kila kimoja kinajifunga upepo ukifika pale. Ni ubunifu mzuri. Sasa tazama kinachohitajika ili kikazwe sawa: geji. Tena si mara moja, maana springi hulegea na vumbi huingia, na mchanga leo, mawe kesho, ni viwango viwili tofauti. Kwa hiyo hata mwenye kifaa hiki hajaikwepa geji, ameihamishia nyumbani.

Cha tano ni mipira minne iliyounganishwa kwenye geji moja. Matairi yote yanashuka pamoja, na mipira hiyo hiyo hutumika kujaza. Wanaokipenda wanasema kinasawazisha, na ndivyo. Ila gari lililopakiwa magunia nyuma halitaki kusawazishwa. Nyuma inataka upepo zaidi ya mbele. Nunua tu ikiwa kina bomba la kufunga mbele na nyuma kila upande peke yake. Visanduku vya umeme vinavyofanya yote kwa kubonyeza namba vipo pia, na siku vikifa jangwani utarudi kwenye kijiti.

## Pampu, nusu ya kazi inayosahaulika

Tairi la kawaida la 4x4, tuseme la kipimo cha 265/70 R17, lina nafasi ya ndani ya lita 75 hivi. Kulipandisha kutoka bar 1.2 hadi 2.4 kunahitaji hewa ya nje lita 90, na matairi manne lita 360. Pampu ya umeme ya gari inayotoa lita 30 kwa dakika kwa ukweli itamaliza kwa dakika 12, ukiongeza muda wa kuhama tairi hadi tairi. Neno "kwa ukweli" lina uzito wake. Namba iliyoandikwa kwenye boksi, 70 au 150, mara nyingi ni ya hewa inayotoka pampu ikiwa haijafungwa mahali popote. Ikikutana na tairi lenye upepo, hupungua sana. Tafuta karatasi inayosema lita ngapi kwenye bar 2. Isiyosema, ina sababu ya kutosema. Na pampu yenye nguvu ifungwe moja kwa moja kwenye betri, injini ikiwa inanguruma, si kwenye tundu la kiberiti cha sigara ambalo fyuzi yake itaungua.

Kwa nini isisitizwe hivi? Kwa sababu tairi lenye bar 1.1 likiendeshwa kilomita 100 kwa saa kwenye lami hujikunja kila mzunguko, hupata moto, na kuharibika kwa ndani mahali usipoona. Mchangani nenda pole, kilomita 30 au 40 kwa saa. Kwenye lami jaza kwanza. Dereva asiye na pampu huishia kufanya moja ya mawili: kutopunguza upepo akanasa, au kupunguza na kukimbia hivyo hivyo hadi mji ujao. La pili ndilo baya zaidi.

## Pingamizi

Wapo wasemao: wazee walitumia njiti na jicho, wakavuka. Ni kweli. Walikuwa na matairi yenye ubavu mrefu na laini, yakionyesha upungufu wazi. Matairi ya kisasa ya 4x4 yenye ubavu uliokazwa kwa tabaka nyingi husimama karibu sawa kwenye bar 2.2 na kwenye 1.5. Jicho la mzee halijapungua, kinachotazamwa kimebadilika.

Wengine watasema gari lao linapima lenyewe. Umoja wa Ulaya ulilazimisha mfumo wa kuonya kuhusu upepo kwa aina mpya za magari kuanzia Novemba 2012, na kwa kila gari jipya la abiria kuanzia Novemba 2014. Hesabu basi: dizeli za Euro 4 zilizofukuzwa Brussels nyingi ni za kabla ya hapo, na hazina. Zenye mfumo huo nazo si sawa. Baadhi hazipimi upepo kabisa. Hulinganisha kasi ya magurudumu na kuwasha taa tairi moja likitofautiana na mengine. Nyingine zina kihisi ndani ya valvu, lakini mara nyingi hakitumi habari hadi gurudumu lizunguke, nawe unatoa upepo gari likiwa limesimama. Jihadhari pia: valvu za vihisi hivyo nyingi ni za alumini, na kofia au kifaa cha shaba kikiachwa juu yake kwa muda mrefu kwenye unyevu hushikana nayo hadi valvu ikatike. Funga, tumia, ondoa, na viini viwe vilivyopakwa nikeli.

Pingamizi la muda ndilo lenye nguvu. Msafara wa magari sita ukisimama, kila gari likichukua robo saa kwa geji ya kitufe, watu watachomwa na jua bure. Nakubali: kwa wenye misafara, kwa madereva wa watalii na kwa yeyote anayepunguza upepo kila wiki, kifaa cha kutoa kiini kinalipa gharama yake. Lakini hesabu tena. Kati ya geji ya kitufe na kifaa hicho tofauti ni dakika kumi kwa gari zima. Kati ya pampu mbovu na pampu nzuri tofauti ni nusu saa. Anayejali muda kwa dhati ataanzia kwenye pampu.

La mwisho: kwa nini pampu, wakati mafundi wa pancha wako kila mahali? Wako, na sifa yao ni ya haki. Njia panda ya Afrika Mashariki isiyo na kompresa chini ya mti ni adimu. Ila hukaa penye magari. Mahali unapolazimika kupunguza upepo ni pale pasipo na magari.

## Ukienda dukani

Ukiwa bado Brussels, una nafasi usiyokuwa nayo kwingine: majirani zako wana baiskeli. Pampu nyingi za baiskeli za kusimama zina geji na kichwa kinachoingia kwenye valvu ya gari. Lipime tairi moja kwa geji yako mpya, kwa pampu ya jirani na kwa mashine ya kituo cha mafuta, yote asubuhi kabla gari halijatembea. Zikikubaliana mbili na yako ikiwa peke yake, irudishe dukani na risiti. Zikitofautiana zote kidogo, shika yako na uifuate siku zote. Geji inayokosea kwa kiasi kile kile kila mara ina faida kuliko geji tatu zinazobishana.

Mpangilio wa ununuzi ni huu: geji yenye kitufe inayoishia bar 4, pampu yenye lita zilizotajwa kwenye bar 2, viini sita vya akiba na kibanio, na baada ya hapo, fedha zikibaki, kifaa chochote cha haraka unachokipenda. Muuzaji akikuonyesha seti inayong'aa ndani ya mfuko wa ngozi, muulize kwanza geji yake inaishia bar ngapi. Akisema 11, mshukuru na uirudishe ukutani.